Mpira wa Maji Unaotanuka: Panda Ukaone Tangi Lako Kwanza

Kabla hujamtumia pesa yule anayeuza mpira wa kutanuka kwenye simu, panda juu ukaone tangi lako limekaa wapi. Tangazo linaonyesha mpira unaoenea kwenye mfuko wa koti. Maji yakifunguliwa unajinyoosha hadi mwisho wa bustani, yakifungwa unajirudisha wenyewe. Huo si uongo, nimeuona ukifanya vivyo hivyo. Ila ulifanya hivyo palipokuwa na maji yenye nguvu, na mfereji wa nje wa nyumba nyingi za Nairobi hauna nguvu hiyo.

Mimi nina duka la hadwea Umoja, upande wa Mutindwa. Nauza mpira wa kawaida wa kukatiwa kwa mita, na nauza huu wa kutanuka, kwa hiyo sina haja ya kuusifia mmoja na kuuponda mwingine. Kinachonichosha ni kurudishiwa bidhaa isiyo na kasoro. Mteja anaingia, anautua juu ya kaunta: "Mama, hii ni feki." Namuuliza maji yake yanatoka wapi. "Si kwa mfereji!" Basi tunaanzia hapo.

Ndani yake kuna nini

Ndani kuna tyubu laini, mara nyingi ya lateksi, yaani mpira unaovutika. Nje kuna ganda la kitambaa cha poliesta, refu mara tatu hivi kuliko tyubu yenyewe. Vitu hivyo viwili vimeshikana kwenye ncha mbili tu, katikati kila kimoja kiko huru. Mpira ukiwa mkavu, kitambaa kimejikunja juu ya tyubu kama soksi iliyoshuka kifundoni. Maji yakiingia na mwisho ukiwa umezibwa na nozeli, kile kichwa cha kurushia maji, yanakosa pa kutokea, yanaisukuma tyubu irefuke na inenepe mpaka kitambaa kinyooke chote. Kitambaa ndicho kinachoizuia tyubu isipasuke. Ukifunga mfereji na kuyaachilia maji, tyubu inarudi ilivyokuwa na kitambaa kinajikunja tena.

Ukishaelewa hapo, mengine yote yanajieleza. Nguvu ya kutanua inatoka kwenye maji yako, mpira hauna nguvu yake mwenyewe. Nozeli ikifunguliwa wazi kabisa, presha ndani inashuka na mpira unafupika ukiwa mkononi mwako. Na mzigo wote unabebwa na zile ncha mbili, ndiyo maana mipira mingi inayorudishwa kwangu imefia pale pale, sentimita chache kutoka kwenye kiungo.

Mmarekani Michael Berardi alipata hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, za mpira wa namna hii mwaka 2012, ukauzwa kwa matangazo ya televisheni kwa jina la Xhose. Kampuni ya Telebrands ikaleta wake, Pocket Hose, na wakaburutana mahakamani. Nalitaja hilo kwa sababu moja: huko ulikobuniwa, bomba la mji linafika mferejini moja kwa moja, na presha ya nyumbani kwa kawaida huwa baa 3 hadi 5 hivi (baa ni kipimo cha presha). Waliotengeneza tangazo hawakuwaza tangi la plastiki juu ya stendi ya chuma kule Utawala.

Hesabu ya tangi

Shika hii hesabu, ni nyepesi: kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa baa 1. Unapima kwenda juu wima, kutoka mdomo wa mfereji mpaka usawa wa maji ndani ya tangi. Urefu wa bomba unavyozunguka nyumba hauhesabiwi, isipokuwa kwamba bomba refu na jembamba lenye kona nyingi litakupunguzia tena maji yakianza kutembea.

Tangi lako liko kwenye stendi ya mita 3? Una baa 0.3 mferejini, pengine zaidi kidogo tangi likijaa. Mpira wa kutanuka hapo utajaa maji na kulala, au utajinyoosha kidogo halafu uchoke. Nyumba za ghorofa moja kule Buruburu, zenye tangi juu ya paa, zinapata kama baa 0.6 kwa mfereji wa chini. Fleti ya ghorofa tano yenye tangi juu kabisa inaweza kumpa mtu wa chini kabisa baa 1.5 au zaidi, na hapo mpira unaanza kuonyesha dalili za uhai.

Hapo ndipo panapotokea jambo linalowachanganya watu. Katika jengo moja, keateka anaosha korido ya chini na mpira wake umenyooka vizuri. Anausifia mpira huo kwa dada wa ghorofa ya juu mwenye vyungu vya dhania na maua kwenye balkoni. Dada ananunua uleule, rangi ileile, anafunga kwake, haunyooki. Tangi liko mita mbili tu juu ya kichwa chake! Keateka hakumdanganya na muuzaji hakumdanganya, ni kimo.

Kitu kingine ambacho wateja hawaniamini mpaka niwachoree kwenye karatasi ya risiti: ukubwa wa tangi hauongezi presha. Lita 10,000 zilizokaa mita 3 juu zinasukuma sawasawa na lita 500 zilizokaa mita 3 juu. Kubwa litachelewa kuisha, basi.

Sasa, kama huna ngazi au tangi liko kwa landilodi aliyefunga mlango wa paa, pima kwa kidole. Fungua mfereji wote, kisha uzibe mdomo wake kwa kidole gumba. Kwenye mdomo wa nusu inchi, baa 0.3 inasukuma kidole kwa nguvu isiyofika nusu kilo, na mtoto wa darasa la tatu ataizuia huku akipiga hadithi. Baa 3 inasukuma kwa karibu kilo 4. Hiyo utapigana nayo, na maji yatachomoka pembeni yakupige kifuani. Kipimo cha kidole hakikupi namba, lakini kinakutenga upande mmoja au mwingine. Anayetaka namba amwite fundi wa pampu mwenye geji ya presha. Inafungwa mferejini, inasomwa, kazi imekwisha.

Msimamo wangu, kutokana na ninayoyaona kwa wateja, ni huu. Chini ya baa 1, usinunue. Kati ya 1 na 2 utanyooka nusunusu, na kama bustani yako ni ndogo huenda ukaridhika. Kuanzia baa 3 utapata kile ulichokiona kwenye tangazo.

Mfereji wako unanywa wapi?

Usikadirie hapa. Kuna nyumba ambazo mfereji wa nje, hasa ule ulio karibu na mita ya kusoma maji, umeunganishwa na bomba la mji moja kwa moja, na ule wa jikoni ndio unaotoka tangini. Kuna nyingine ambazo kila kitu kinapita tangini. Njia ya kujua: siku ambayo maji ya kaunti yamekuja, funga valvu ambayo maji hupitia yakitoka tangini, kisha ufungue mfereji wa nje na uuache dakika chache. Yakiendelea kutoka kwa nguvu, hayo ni ya bomba. Yakikatika, unakunywa tangini.

Ukiwa wa bomba una bahati, lakini bahati yenye ratiba. Mgao umekuwa nasi tangu 2017, wakati maji ya bwawa la Ndakaini yalipopungua, na mitaa mingi bado inapata maji siku zake tu. Kwa hiyo mpira unaofanya maajabu Jumanne usiku unaweza kuwa kamba tupu Ijumaa mchana wakati sukumawiki ndiyo inakauka. Jiulize unamwagilia siku gani.

Na maji ya mgao yakirudi hayaji peke yake. Yanakuja na hewa, kutu na mchanga. Mfereji unakohoa, unatema kahawia, halafu ndipo maji safi. Usiwahi kuuacha mpira wa kutanuka umefungwa kwenye mfereji ulio wazi ukisubiri maji yaje usiku. Yale mapigo ya hewa yanaipiga tyubu, na mchanga unaenda kukaa kwenye tundu za nozeli. Kinga maji ya kwanza kwa ndoo, mwagia migomba, kisha funga mpira.

Wa kisima wana shida nyingine ndogo: maji yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe kwenye nozeli. Iloweke kwenye siki usiku mmoja, isugue kwa mswaki mkuukuu, itafunguka.

Kama una pampu

Pampu hubadilisha kila kitu. Ile ndogo ya nusu hospawa iliyojaa mitaani huwa na kibao chenye namba ya kimo cha juu kabisa, mara nyingi mita 30 na kitu. Gawanya kwa kumi, una baa 3 na kitu. Hiyo ni namba ya pampu ikiwa imezibwa, maji yakianza kutoka inashuka, lakini bado inatosha kuunyoosha mpira.

Masharti ni mawili. Kwanza, pampu iwe na swichi ya presha inayoizima nozeli ikifungwa. Isipokuwa nayo, ukiachilia kifyatulio cha nozeli ukaenda kuongea na jirani, pampu inaendelea kusaga maji yaleyale, inapata moto, na tyubu inabeba presha yote bila kupumzika. Hapo ndipo utasikia mlio. Pili, pampu inywe tangini. Kuiunganisha na bomba la mji kunawanyima walio mbele yako, na mvuto wake unaweza kuingiza uchafu wa mtaroni kupitia nyufa za mabomba, uje unywe wewe na wao.

Soma pia boksi la mpira uone presha ya juu inayoruhusiwa. Boksi lisiloandika chochote kuhusu presha, mimi silileti dukani.

Unaponunua

Anza na urefu. Namba kwenye boksi ni ya mpira ulionyooka kabisa, na mara nyingi ni ya futi. Futi 50 ni mita 15 na kidogo, futi 100 ni mita 30 na nusu. Namba imechapwa kubwa, kipimo kimechapwa kidogo, na matangazo mengine ya simu yanaigeuza futi kuwa mita bila aibu. Utoe, uunyooshe chini bila kuuvuta, upime, uzidishe kwa tatu. Mpira mkavu wa mita 5 hautafika mita 30 hata ukiombewa.

Halafu viungo. Hapa ndipo ninapotaka ukae, kwa sababu watu wengi wanapoteza maji hapa na kulaumu tyubu. Kenya tunatumia meno ya Kiingereza, yaani ile mizunguko ya kukazia kiungo. Mfereji wa kawaida wa nje ni nusu inchi, na ule mkubwa wa robo tatu una meno 14 kwa kila inchi. Mpira uliotengenezewa soko la Marekani una kiungo cha robo tatu cha kwao, chenye meno 11 na nusu kwa inchi, na unene wake umekaribiana sana na wetu. Ukivishika mkononi utaapa ni ndugu. Ukikaza, kinashika mizunguko miwili, kinakwama, kinavuja. Mtu anaongeza utepe mweupe wa plamba, anakaza kwa spana, na kiungo cha plastiki kinapasuka. Kinachozuia maji kwenye kiungo cha namna hii ni ile ringi ya mpira iliyo ndani, utepe hausaidii kitu. Hakikisha ringi ipo, imelala sawa, na ununue na nyingine ya akiba. Na uje na mfereji wako, au angalau picha yake na kipimo cha mdomo wake, ili upewe adapta inayoingia.

Kuna mifereji isiyo na meno kabisa mdomoni. Kwa mpira wa kawaida na maji ya tangi tumezoea kuufunga kwa kipande cha tyubu ya gari na mambo yanaenda. Kwa mpira wa kutanuka usithubutu. Presha inayotosha kuunyoosha inatosha kuung'oa. Badilisha mfereji uweke wenye meno.

Viungo vya shaba nyekundu au njano vinadumu kuliko vya plastiki, lakini vipime uzito kwa mkono, maana plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu iko tele. Kitambaa kikunje kwa vidole: kikiwa kimefumwa kizito huoni tyubu ndani, kikiwa chepesi unaiona rangi yake, na huo ni wa msimu mmoja. Tazama pia kitambaa kinapoingia kwenye kiungo. Kiwe kimebanwa kote, bila nyuzi kuchomoza.

Muuzaji mwenye mfereji dukani mwambie aufunge muone. Mimi nina mmoja pale nje, na hauna presha ya maana, kwa hiyo mteja anauona mpira ukilegea mbele ya macho yake kabla hajalipa. Ninapoteza mauzo, ndiyo. Lakini nalala.

Siku ya kwanza, na kila siku baada ya hapo

Funga nozeli mwishoni na uiache imefungwa. Fungua mfereji polepole, robo, kisha nusu. Simama pembeni, usisimame juu yake, maana unajitambaza wenyewe na ncha inaweza kuruka. Ukishanyooka, tembea kando yake ukiupapasa. Kitambaa kiwe kikavu. Doa la maji ni tundu kwenye tyubu. Uvimbe upande mmoja ni mahali kitambaa kimelegea, na hapo ndipo utakapopasukia. Ukiona kimojawapo siku ya kwanza, urudishe siku hiyohiyo ukiwa na boksi.

Ukimaliza kumwagilia, funga mfereji kwanza. Kisha bonyeza nozeli maji yatoke huku ukirudi nayo kuelekea mferejini, mpira ukifupika nyuma ya hatua zako. Usiachilie ncha ukiwa bado umenyooka, hasa kama kuna mtoto karibu, maana inarudi kwa kasi. Maji yakiisha, ufungue, uutundike kivulini. Mpira uliobaki na maji haurudi mfupi wote, na mtu anadhani umeharibika.

Kivuli si pambo. Lateksi huliwa na jua na joto, na sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Jua la saa saba hapa halina huruma na mpira wa aina yoyote. Kuuacha umefungwa na presha mchana kutwa juu ya kabro ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuumaliza. Wa pili kwa ukatili ni ua wa kayaba. Ile miiba inapita kitambaa bila kubisha hodi. Bogonvilia pia, na vipande vya chupa vinavyodondoka kutoka juu ya kuta zetu. Kama ua wako ni wa miiba, mpira huu si wako, nunua wa kawaida wenye nyuzi ndani.

Mahali ambapo utakuangusha

Kujaza tangi au pipa. Mwisho ukiwa wazi presha haipo, mpira unafupika, unajivuta nje ya tangi na kumwaga maji chini ukiwa unashangaa. Hata ukiufunga kwa kamba, maji yanayopita ni kidogo.

Mashine ya kuoshea magari kwa presha. Mashine ile inavuta maji, na tyubu laini ikivutwa inanywea na kuziba. Vijana wa kuosha magari pale Outering wameniuliza mara nyingi, nami nawakatia mpira wa kawaida mgumu. Na wale wanaotaka mpira wa kutanuka ili "uongeze presha" ya kuosha gari nyumbani, jueni kwamba hakuna mpira unaozalisha presha. Nozeli inabana mdomo, maji yanatoka membamba na kwa kasi zaidi, lakini kilichoko tangini ndicho kilichoko.

Kumwagilia saruji mpya kwenye ujenzi. Misumari, kokoto, viatu vya mafundi. Hapana.

Kujaza mitungi ya maji ya kunywa. Kama boksi halijasema wazi kwamba tyubu inafaa kwa maji ya kunywa, chukulia kwamba haifai. Maji yanayolala ndani ya mpira juani yana harufu unayoijua. Na mwenye mzio wa lateksi aulizie tyubu ya aina nyingine.

Ukipasuka

Tazama ulipopasukia. Ikiwa ni karibu na ncha, unaokoleka. Hakikisha hauna maji, fungua au kata kiungo cha zamani, sukuma kitambaa nyuma, kata tyubu juu kidogo ya tundu kwa wembe mkali ili mkato uwe sawa. Ingiza kiungo kipya chenye meno ya kushikia hadi mwisho, vuta kitambaa kifunike sehemu hiyo, kisha ubane vyote viwili kwa pamoja kwa klipu ya skrubu. Kitambaa kisipobanwa pamoja na tyubu, kazi ni bure, kwa kuwa tyubu itabeba presha peke yake na kupasuka tena. Kitambaa kitakuwa kirefu kidogo kuliko mwanzo ukilinganisha na tyubu, hilo halina shida.

Ukipasukia katikati, nakushauri usipoteze muda. Unaweza kuukata ukapata mipira miwili mifupi ikiwa una viungo vya kutosha, lakini gundi na viraka havishiki kwenye kitu kinachorefuka mara tatu. Mpira wa kawaida ukitoboka unakata, unaweka kiungio na klipu mbili, unaendelea kumwagilia kabla chai haijapoa. Hii ni tofauti kubwa ya gharama ambayo tangazo halikuambii.

Nani namuuzia kwa moyo mweupe

Mama mmoja mzee wa Buruburu, mgongo unamsumbua, ana pampu na bustani ya mbele yenye waridi. Mpira wa kawaida wa nusu inchi wenye urefu wa mita 15 unabeba karibu lita 2 za maji ndani, juu ya uzito wake wenyewe, na kuukunja ni kazi. Wa kutanuka anaubeba kwa mkono mmoja. Huyo sikubishana naye hata kidogo. Vilevile wa fleti za chini zenye presha nzuri na mahali padogo pa kuweka vitu, au mtu mwenye ua wa kabro bila miiba, anayetaka kusafisha na kumwagilia vyungu.

Wa tangi la chini bila pampu, ambao ni wengi wa wateja wangu, nawaelekeza kwingine. Chukua mpira wa kawaida wa robo tatu inchi badala ya nusu, maji yenye nguvu ndogo yatapita kwa urahisi zaidi. Mboga za magunia zinataka debe la kumwagilia tu, kwa sababu unahitaji kumwaga juu taratibu hadi yashuke chini. Na mwenye mistari michache ya managu au kunde aweke ndoo juu ya stendi ya mita moja na mabomba ya matone. Mita moja inatosha, na anaweza kwenda kanisani maji yakiendelea.

Muuzaji akikataa kurudisha pesa

Piga picha ya skrini ya tangazo kabla ya kununua, hasa pale palipoandikwa urefu na "haupasuki kamwe". Matangazo ya simu hufutwa. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, na ukiweza lipa ukipokea, ukishaupima urefu mkavu mbele ya yule wa pikipiki. Atanung'unika, msubirishe.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na taarifa anazohitaji, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Malalamiko ya matangazo ya kupotosha hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Lakini elewa unachokilalamikia. Mpira wa futi 50 uliouzwa kama mita 50 ni kesi. Mpira uliosahauliwa juani na pampu ikinguruma si kesi. Na mpira mzima usionyooka kwa sababu tangi liko mita 3, ukiuleta kwangu ukiwa mkavu, na boksi, na haujakokotwa kwenye kayaba, nitakubadilishia na mita za mpira wa kawaida, tuhesabu tofauti.